Shangazi ana rovu, dada ana lupasi, mtoto ana kisukari: maswali yenu kuhusu kinga inayoushambulia mwili

Barua tulizochagua safari hii zinagusa kundi moja la maradhi: yale ambayo kinga ya mwili huacha kupambana na vijidudu ikageukia viungo vya mwenye mwili. Yako zaidi ya 80. Tumefupisha barua na kuondoa majina. Dozi na vipimo vilivyotajwa ni vya kukuwezesha kuzungumza na daktari wako, si vya kujitibu.

Mwanangu wa miaka 9 aligundulika mwaka jana ana kisukari cha kuchoma insulini. Dada yangu ana lupasi, na shangazi yetu alipasuliwa rovu zamani. Wifi yangu anasema magonjwa matatu katika ukoo mmoja si bure, pana mkono wa mtu. Nina watoto wengine wawili wazima. Niwapime nini?
*Mama wa watatu, Tanga*

Pole kwa kuuguza, mama. Wifi yako amepatia nusu: magonjwa haya kukutana katika ukoo mmoja huenda kweli si bure. Ila chanzo kimo katika damu yenu wenyewe, hakikutumwa na mtu. Kisukari aina ya kwanza (hicho cha kuchoma insulini), lupasi (kinga inaposhambulia ngozi, maungio, figo na viungo vingine) na magonjwa ya tezi ya shingo yanayoletwa na kinga hushirikiana jeni nyingi. Mtu harithi ugonjwa kwa jina lake, anarithi kinga iliyo nyepesi kukosea adui. Iwapo itaangukia kongosho, ngozi, maungio au tezi, hilo huamuliwa na jeni nyingine, maambukizi aliyopitia, homoni, moshi wa sigara na mengine yasiyopimika kwa mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana shangazi na mpwa huishia na kadi za kliniki mbili tofauti.

Sasa hesabu. Katika tafiti za Ulaya na Marekani, mtoto asiye na ndugu mgonjwa ana uwezekano wa karibu 4 kati ya 1,000 wa kupata kisukari aina ya kwanza. Akiwa na kaka au dada mgonjwa, unapanda hadi 5 au 6 kati ya 100. Ni zaidi ya mara kumi, na mwenye kipimo cha kuuza atakutajia hiyo "mara kumi" halafu anyamaze. Igeuze upande wa pili: watoto 94 au 95 kati ya 100 wenye ndugu mgonjwa hawakipati. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, hawaugui wote. Mmoja akiwa na lupasi, mwenzake huugua katika takriban mara 25 kati ya 100; kwa baridi yabisi ni karibu 15. Jeni zingekuwa zinatosha peke yake, ingekuwa 100.

Kwa hiyo wale wawili wazima usiwapeleke kwenye kipimo cha jeni. Zijue dalili, na zikitokea usiwe na subira nazo. Mtoto anayekojoa sana, anayekunywa maji bila kutosheka, anayekonda ilhali anakula, au aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, apimwe sukari ya kidoleni siku hiyohiyo. Akiwa na dalili hizo na kipimo kikasoma 11.1 au zaidi, kwa mizani ya mmol/L, hicho ni kisukari. Hakuna haja ya kungoja asubuhi apimwe akiwa na njaa. Wala usikubali HbA1c peke yake itumike kumwondolea mashaka mtoto mwenye dalili: huonyesha wastani wa sukari wa wiki nyingi, na kisukari cha mtoto huweza kuja kwa siku chache. Kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu hudanganya zaidi.

Kinachoua watoto kwetu ni kuchelewa. Sukari ikipanda sana bila insulini, damu hujaa tindikali: mtoto anatapika, tumbo linauma, anahema haraka na kwa kina, amelegea. Picha hiyo hufanana na malaria kali au nimonia, na mtoto hutundikiwa dripu ya malaria huku sukari ikiwa 30. Ukifika naye zahanati, sema wazi: "Ndugu yake ana kisukari, naomba apimwe na sukari." Omba hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya, maana kuwa na kimoja hakuzuii kingine.

Kwa mgonjwa mwenyewe jambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa kinga yake imekwisha kuonyesha tabia. Apimwe TSH, homoni inayoonyesha hali ya tezi ya shingo, mara sukari inapotulia, kisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Akianza kushuka sukari mara kwa mara bila kuongezewa insulini, akawa mchovu, anapenda kulamba chumvi, na ngozi inakuwa nyeusi kuliko kawaida yake, mwambieni daktari afikirie tezi za juu ya figo. Kwa ngozi yetu weusi huo hautaonekana shavuni. Tazama fizi, mikunjo ya viganja na makovu.

Lililobaki ni shangazi. Rovu si lazima liwe ugonjwa wa kinga. Milimani, kabla ya chumvi kutiwa madini joto, watu wengi walivimba shingo kwa kukosa madini hayo, na hilo halihusiani na kisukari cha mwanao. Muulize: kabla ya upasuaji alikonda, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, macho yakatokeza? Kama ndiyo, yaelekea ulikuwa ugonjwa wa Graves, yaani kinga kuichochea tezi kupita kiasi, na huo ni wa kundi letu.

Muulize pia dawa, maana wazee husahau jina la ugonjwa lakini dawa wanaikumbuka, au kopo bado liko kabatini. Chukua karatasi uandike ndugu wa damu wa pande zote mbili, umri alioanza kuugua kila mmoja, na dawa yake. Kabimazole maana yake tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Levothairoksini kila asubuhi maana yake tezi imelegea au ilitolewa. Haidroksiklorokwini ya miezi na miezi huelekeza kwenye lupasi au baridi yabisi. Methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi. Mara nyingi ni baridi yabisi au soriasisi (ugonjwa wa ngozi yenye magamba). Sindano za vitamini B12 maisha yote huashiria tumbo lisilofyonza vitamini hiyo, nalo mara nyingi ni shambulio la kinga. Bibi aliyeanza vidonge vya metformini akiwa na miaka 60 ana kisukari aina ya pili, usimweke kwenye hesabu hii. Na mtu akisema "baridi yabisi", uliza zaidi, kwani kwetu jina hilo hupewa kila maumivu ya goti. Ya kinga huanza kwenye vifundo vidogo vya vidole na viganja, mikono yote miwili, na asubuhi vidole hukaza kwa saa nzima au zaidi. Karatasi hiyo ina faida kwa daktari kuliko kipimo chochote cha jeni tunachokijua leo.

Nafundisha biolojia kidato cha nne. Wanafunzi wameniuliza: kama ni jeni zilezile, kwa nini mmoja anapata kisukari na mwingine baridi yabisi? Vitabu vinataja "HLA" kisha vinapita.
*Mwalimu, Nakuru*

Vinapita mahali penye utamu, Mwalimu. Jeni za HLA ziko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na hapo ndipo penye mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote katika karibu magonjwa haya yote.

Molekuli ya HLA ni kama sinia la mchuuzi lililoshikwa juu ya seli. Seli hukatakata protini, huweka kipande juu ya sinia, na seli ya T, mlinzi wa kinga, ikipita hukikagua: cha mwili au cha mgeni? Katika kundi la pili la HLA, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi hapa, vipande hivyo huwa na asidi amino 13 hadi 25 hivi. Kila mtu ana masinia ya maumbo yake aliyorithi kwa baba na mama, na umbo ndilo linaloamua kipande gani kikae vizuri na kipi kianguke.

Mwaka 1987 ulileta mifano miwili inayofaa kuchorwa ubaoni. Wa kwanza ni wa kisukari. Katika mnyororo wa beta wa HLA-DQ, nafasi ya 57, watu wengi wana asidi aspatiki. Matoleo ya DQ yanayoambatana na kisukari aina ya kwanza, kama DQ8, yana asidi amino nyingine hapo. Badiliko la nafasi moja linageuza shimo la sinia, na vipande vya insulini vinapata pa kukaa kwa namna nyingine. Wa pili ni wa baridi yabisi: matoleo kadhaa ya HLA-DRB1 yanayoonekana tofauti yaligundulika yana mfuatano unaofanana katika nafasi ya 70 hadi 74. Shimo la aina hiyo hupokea vizuri protini ambazo ajinini yake imegeuzwa kuwa sitrulini. Sigara huchochea mgeuzo huo ndani ya mapafu. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2006 kwamba mvutaji mwenye nakala mbili za mfuatano huo alikuwa na uwezekano wa takriban mara 20 wa kupata baridi yabisi yenye kingamwili (protini za kinga) zinazolenga sitrulini, ukimlinganisha na asiyevuta wala kuwa na nakala hata moja. Jeni zilezile bila sigara, hatari ni ndogo kwa mbali. Kwa familia yenye baridi yabisi, kuacha sigara ni ushauri wenye uzito kuliko virutubisho vyote vya dukani.

Sasa swali la wanafunzi. Sinia moja linaweza kukaribisha zaidi ya kosa moja. Toleo la DR3, ambalo kwa kawaida husafiri pamoja na DQ2, limehusishwa na kisukari aina ya kwanza, ugonjwa wa Graves, lupasi, ugonjwa wa Addison (wa tezi za juu ya figo) na siliaki, yaani utumbo unaoharibiwa na gluteni ya ngano. Lakini urithi uleule huweza kuongeza ugonjwa mmoja na kupunguza mwingine. DR15 ikifuatana na DQ6 humkinga mtu dhidi ya kisukari aina ya kwanza kwa nguvu kubwa, na wakati huohuo humwongezea hatari ya multipo sklerosisi, ugonjwa wa kinga kula utando wa neva. Huwezi kuiita nzuri wala mbaya.

Nje ya HLA kuna jeni nyingi, kila moja na mchango mdogo. PTPN22 hutengeneza protini inayodhibiti ishara ndani ya seli za kinga. Badiliko katika nafasi ya 620, la ajinini kuwa triptofani, lilihusishwa mwaka 2004 na kisukari aina ya kwanza na baridi yabisi, baadaye na Graves na mbalanga. Badiliko hilohilo hupunguza hatari ya ugonjwa wa Crohn wa utumbo. Ni la kawaida Ulaya kaskazini na nadra mno kwa Waafrika, jambo tutakalolirudia chini. CTLA4 ni breki ya seli za T, na matoleo yake yenye breki hafifu huonekana katika magonjwa ya tezi na kisukari. STAT4 imeonekana katika lupasi na baridi yabisi. TYK2 ndiyo inayotupendeza zaidi: lipo toleo linalopunguza kazi yake na kumlinda mwenyewe dhidi ya magonjwa kadhaa ya kinga, lakini aliyerithi nakala mbili huwa rahisi kuugua kifua kikuu. Kwa kufuata njia hiyohiyo, dawa inayozuia TYK2 iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ajili ya soriasisi.

Tahadhari moja ya darasani: usiwaachie wanafunzi msemo wa "jeni ya lupasi". Kuna magonjwa machache ya jeni moja, kama lile la AIRE, ambalo likiharibika tezi kadhaa hushambuliwa tangu utotoni, lakini hayo ni nadra sana.

Sisi asili yetu ni Lamu. Nyumbani sikuwahi kusikia mtu ana lupasi. Hapa Minneapolis dada zangu wawili wanayo. Ni hewa ya huku, chakula, au ni sisi?
*Msomaji, Minneapolis*

Kwanza ondoa sehemu ya mshangao: nyumbani ipo, haitajwi. Msichana mwenye homa za mara kwa mara, vidonda vya mdomoni, maungio yanayouma na nywele zinazokatika hutibiwa malaria, taifodi na baridi kwa miezi. Upele wa lupasi katika vitabu vingi umepigwa picha kwenye ngozi nyeupe ukiwa mwekundu; kwa ngozi nyeusi huonekana wa zambarau au kahawia iliyokolea, na unapita bila kutambuliwa.

Lakini hoja yako haiishii hapo. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa haya yalikuwa machache mno wodini akashuku vimelea, hasa malaria. Kwa upande mwingine, takwimu za Marekani zinaonyesha lupasi huwapata wanawake weusi takriban mara tatu zaidi ya weupe. Ukoo wa mbali ni mmoja, mazingira mawili.

Jeni zinaeleza kipande cha kitendawili. FCGR2B hutengeneza kipokezi kinachopunguza mwendo wa seli za B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kuna toleo ambalo kipokezi chake hakifanyi kazi inavyopaswa, na mwenye nakala mbili ana hatari kubwa zaidi ya lupasi. Utafiti uliotumia sampuli za watoto wa Kenya, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa nakala hizohizo mbili zinamkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Toleo hilo hupatikana zaidi Afrika na Asia ya kusini mashariki kuliko Ulaya. Sardinia, kisiwa cha Italia kilichosumbuliwa na malaria kwa karne nyingi, kina kisa chake: toleo la jeni ya BAFF linaloongeza seli za B na kingamwili, likiambatana na lupasi na multipo sklerosisi. Kinga iliyonolewa kwa malaria ikihamia mahali pasipo malaria inabaki na makali yake. Hatusemi ndiyo sababu ya dada zako. Kwa mtu mmoja hakuna awezaye kusema hivyo.

Kwa dada zako, jambo la kulinda ni figo. Lupasi huingia kwenye figo bila maumivu. Wapime mkojo kwa protini na damu kwa kreatinini kila miezi mitatu hadi sita hata wakijisikia wazima, na mkojo wenye povu lisilotulia au miguu inayovimba visingoje miadi. Haidroksiklorokwini isiachwe kwa sababu "nimepona". Wengi huacha wakati huo na ndipo ugonjwa hurudi. Macho yachunguzwe mwanzoni mwa tiba, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano.

Wewe, kama huna dalili, huna cha kupima.

Baba ana ugonjwa wa mgongo kukakamaa, na daktari wake alisema ni wa jeni. Nimeona vipimo vya mate vya kuagiza mtandaoni. Ninunue?
*Kijana wa miaka 27, London*

Usinunue. Unachokitafuta ni HLA-B27, na kipimo chake ni cha damu, hospitalini, tena pale tu unapokuwa na dalili: maumivu ya mgongo wa chini yaliyoanza kabla ya miaka 45, yamezidi miezi mitatu, yanakuamsha usiku wa manane, yanakaza asubuhi na kupungua ukijinyoosha au ukitembea. Maumivu ya kubeba mzigo hufanya kinyume: hupungua ukipumzika. Ukiwa nayo ya aina ya kwanza, nenda kwa daktari na umtajie baba.

Ukipima bila dalili utapata jibu usiloweza kulitumia. Karibu watu 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya wana B27, na walio wengi mno hawaugui mgongo maisha yao yote. Kwa mwenye B27 ambaye mzazi wake anaugua, hatari hupanda hadi kati ya 10 na 20 kwa 100, na hata hapo huwezi kuizuia kwa kidonge. Kwa Waafrika weusi mambo yanabadilika tena. B27 yenyewe ni nadra kwa wengi wetu, kwa hiyo mgonjwa wa kweli anaweza kukosa B27 akaambiwa "huna kitu". Na Gambia, kwa Wafula, B27 ilikutwa kwa watu karibu 6 kati ya 100 bila ugonjwa wenyewe kuonekana. Jeni ipo, mgongo mzima.

Hapo ndipo tatizo la vipimo vya mate lilipo. "Alama ya hatari" wanayokupa imejengwa kwa kuhesabu matoleo ya jeni kwa Wazungu, ikiwemo PTPN22 ambayo kwako pengine haipo. Mfano wa karibu ni kisukari: utafiti uliochapishwa 2025 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliotambuliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza hawakuwa na kingamwili za kongosho zinazotarajiwa, na alama yao ya jeni ilikuwa ndogo. Walikuwa wagonjwa kweli, ila watafiti walisema huenda wengi wao wana kisukari cha namna nyingine, kisichotokana na kinga.

Mimi na binamu yangu tumechumbiana. Mama yake ana baridi yabisi, na shangazi yetu ana tezi. Familia inauliza kama watoto watazidiwa.
*Mzanzibari, Muscat*

Kwa baridi yabisi na tezi, ndoa ya binamu haibadilishi hesabu kwa kiasi cha kuvunja uchumba. Magonjwa haya yanatoka kwenye mamia ya matoleo madogo ya jeni, na mengi ya hayo mtoto angeyapata hata mngeoa mbali.

Hatari ya binamu iko kwingine: magonjwa yanayohitaji nakala mbili mbovu za jeni moja. Yapo machache ya kinga ya aina hiyo. Mtu aliyezaliwa bila C1q, protini ya kusafisha mabaki ya seli zilizokufa, karibu lazima apate lupasi, na mara nyingi utotoni. Nchini Saudi Arabia familia za ndoa za ndugu zenye watoto wa lupasi zilionekana mwaka 2011 kuwa na hitilafu katika jeni ya DNASE1L3. Kwa hiyo swali la kuwauliza wazee halihusu baridi yabisi ya mama mkwe. Waulizeni: katika ukoo, yupo mtoto aliyeugua lupasi kabla ya miaka 5, au ndugu wawili wa tumbo moja walioanza wakiwa wadogo? Watoto waliofariki wachanga bila sababu kujulikana je? Kama yupo, muoneni mshauri wa jeni kabla ya harusi. Na mpime selimundu na thalasemia kwa vyovyote. Katika ukanda wenu hayo ndiyo ya kuogopa kwanza.

Nina lupasi, nina mimba ya wiki 10. Mwanangu atazaliwa nayo?
*Morogoro*

Hongera. Hapana, mtoto hazaliwi na lupasi yako. Uwezekano wa kuipata ukubwani upo, ila ni mdogo, na kwa mtoto wa kiume ni mdogo zaidi, kwani kati ya wagonjwa kumi tisa hivi ni wanawake.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na urithi. Kingamwili za mama, hasa ziitwazo anti-Ro na anti-La, hupita kwenye kondo. Mtoto anaweza kuzaliwa na vipele ambavyo huisha kwa miezi 6 hadi 8, kingamwili za mama zikimtoka. La hatari ni moyo: kwa mama 1 au 2 kati ya 100 wenye anti-Ro, njia ya umeme ya moyo wa mtoto huharibika na mapigo hushuka, na uharibifu huo haurekebiki. Omba anti-Ro ipimwe sasa. Ikiwa chanya, moyo wa mtoto usikilizwe na kuangaliwa kwa altrasaundi mara kwa mara kuanzia wiki ya 16 hadi 26. Ikiwa umewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, uwezekano wa kurudia ni takriban 1 kati ya 6, na haidroksiklorokwini huupunguza karibu nusu.

Haidroksiklorokwini endelea nayo, ni salama kwa mimba. Ila kama bado unatumia methotreksati au maikofenoleti, piga simu kwa daktari wako leo, usingoje kliniki. Zote mbili humdhuru mtoto. Prednisoloni usiikate ghafla kwa mkono wako.

Mama yangu ana lupasi. Nimepima ANA nikaambiwa ni chanya, 1:80. Sina ninachoumwa. Nimeanza kukosa usingizi.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Lala, ndugu yetu. ANA ni kingamwili zinazolenga kiini cha seli, na ya 1:80 hupatikana kwa watu wazima wa afya takriban 13 kati ya 100, na 1:40 kwa karibu 30. Ndugu wa wagonjwa huwa nayo zaidi, na baadhi ya maambukizi huiinua kwa muda. Kipimo hiki kina maana pale penye dalili. Bila dalili kinazaa wagonjwa wa hofu. Usikirudie kila mwezi, maana namba hiyo haitakuambia lolote.

Pima mkojo kwa kijiti na presha mara moja kwa mwaka, kama wengine wote. Rudi mapema ukipata maungio yaliyovimba kwa zaidi ya wiki 6, vidonda vya mdomoni visivyouma, upele unaokolea ukipigwa na jua, kifua kinachochoma ukivuta pumzi, au mkojo wa povu. Ukija na dalili hizo, mwambie daktari "mama ana lupasi" kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Nina mbalanga mikononi na mdomoni. Je, wanangu?
*Kisumu*

Wengi wao hawatapata. Lakini hakikisha kwanza kuwa ni mbalanga. Gusa baka kwa ncha ya pamba ukiwa umefumba macho: ukikosa kuisikia, nenda ukapimwe ukoma, ambao unatibika kabisa kwa dawa za bure. Mabaka yenye magamba mepesi kifuani na mgongoni mara nyingi ni fangasi. Mbalanga ni nyeupe kabisa, laini, na mguso wake ni wa kawaida.

Ikithibitika, pima TSH yako. Tezi ya shingo iliyoshambuliwa na kinga hukutwa kwa wagonjwa wa mbalanga mara nyingi kuliko kwa watu wengine, na uchovu, kuongezeka uzito na baridi isiyoisha huchukuliwa kuwa ni uzee tu. Kipimo kikiwa sawa, rudia ukiona dalili au ukipata mimba.